Mwongozo wa Kwenda Misali kwa Boti Ndogo Kuwaangalia Kasa, Pomboo na Ndege

Kila skuli zinapokaribia kufungwa, maswali yale yale hunijia kutoka kwa watu wanaotaka kuvuka kwenda Misali: twende siku gani, tupande chombo cha aina gani, kasa huonekana saa ngapi, na mtoto asiyejua kuogelea tumchukue au tumwache. Nimeona ni bora niyajibu yote mahali pamoja, kwa utaratibu atakaoweza kuufuata mtu ambaye hajawahi kukanyaga boti ndogo. Nimewafikiria zaidi wenzetu wa Chake, Wete na Mkoani, pamoja na wageni wanaotoka Unguja na Bara. Anayetaka kwenda Kizimkazi au Mnemba atafaidika na sehemu kubwa ya maelezo haya, ila hesabu ya njia na upepo awaulize manahodha wa huko.

Misali ni kisiwa kidogo, kisichofika kilomita 1 ya mraba, kilichoko magharibi ya Pemba mkabala na ghuba ya Chake Chake. Hakina maji matamu, na wanaolala huko ni walinzi wa hifadhi na wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi. Kimekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1998, na tangu mwaka 2005 kimo ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, inayojulikana zaidi kwa jina la PECCA. Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo, akaomba mswala wa kusalia ukakosekana, naye akasema kuwa kisiwa chenyewe, kwa kilivyoelekea kibla, ndicho mswala wake. Wavuvi wengi bado wanakiheshimu kisiwa kwa sababu hiyo, na ni vyema mgeni ashuke akiwa analijua hilo.

Jambo moja kuhusu jiwe lake, kwa sababu lina athari kwa chombo. Aliyezoea visiwa vya Komoro, ambavyo vilizaliwa na volkano na ambako mlima Karthala wa Ngazija ungali hai, asitarajie mwamba wa aina hiyo hapa. Misali ni jiwe la matumbawe, lenye ncha kali kama vigae, na kwa karne nyingi mawimbi yamelila kwa chini likabaki na ukingo uliotokeza juu kama upenu wa nyumba. Boti ikiegeshwa chini ya upenu huo maji yakiwa yanajaa, itanyanyuliwa na kubanwa.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, likiwa la kipimo chake. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapoingia majini, kwa hiyo halimfai.
- Maji ya kunywa, angalau lita 3 kwa kila mtu kwa safari ya siku moja, pamoja na chakula kisichoharibika haraka.
- Viatu vya kuingilia majini vinavyoshika mguu. Yeboyebo za mpira zinatosha, lakini kandambili hazifai, kwa kuwa hunasa topeni na kukuacha pekupeku juu ya matumbawe.
- Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu na kanga au kikoi cha kujikinga jua. Wanawake wanaovaa baibui wavae ndani nguo nyepesi inayowaruhusu kulivua baibui haraka ikilazimika, kwa sababu kitambaa kipana kikishalowa huwa kizito mno.
- Miwani ya kuzamia, na darubini ikiwa unayo.
- Simu iliyojaa chaji, ndani ya mfuko usioingiza maji.
- Sabuni, bandeji, siki kidogo na dawa ya kuzuia kutapika.
- Fedha taslimu za ada ya hifadhi.

Ukikosa darubini, safari itaendelea. Ukikosa jaketi au maji, ahirisha.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuhesabu mwezi

Hapa ndipo safari nyingi huharibika kabla ya kuanza, kwa sababu watu huchagua siku kwa kuangalia mapumziko ya kazini badala ya kuangalia maji. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4, na mahali ulipopita asubuhi ukielea panaweza kuwa mchanga mtupu mchana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na tena saa 10 alasiri, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata ifikapo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, mambo huwa yamegeuka: maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi na kupwa karibu na saa 10 alasiri.

Kwa safari ya siku moja, mimi hupendelea mwezi 2 hadi 4, yaani siku ya 2 hadi ya 4 tangu mwezi kuandama, au mwezi 16 hadi 18. Siku hizo unaondoka Wesha, bandari iliyo karibu na Chake, alfajiri imeshapambazuka, maji yakiwa bado mengi. Adhuhuri yanakupwa na unapata kutembea ufukweni na kutazama vidimbwi vya miambani. Na alasiri unarudi maji yakiwa yanapanda, kiasi kwamba hata ukigusa fungu la mchanga, baada ya muda mfupi utaelea tena. Anayetaka hasa kuzamia na miwani anaweza kuchagua maji mafu, kwa kuwa mkondo unakuwa dhaifu na maji yanakuwa maangavu, lakini akubali kwamba atarudi maji yakiwa yanakupwa, na asichelewe hata kidogo.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Ilikuwa mwezi 6, wageni wangu walichelewa kuamka nami nikaona haya kuwaambia safari imekufa, tukaondoka saa 3 na nusu. Tulipokuwa tunarudi tulipwelewa juu ya fungu la mchanga, nchi kavu tukiiona kwa macho, na tukakaa juani hadi Magharibi pamoja na bibi mmoja wa makamo na watoto wawili ambao maji yao ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Tangu siku hiyo, saa ya kuondoka ikipita kwa zaidi ya nusu saa, safari naiahirisha, hata kama fedha imeshalipwa.

Hatua ya 2: Soma upepo, kisha uamue

Jioni ya kuamkia safari, sikiliza au soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukikuta angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, usiende, na usitafute nahodha mwingine atakayekubali.

Upande wa magharibi wa Pemba umekingwa kiasi na kisiwa kikubwa, na kinga hiyo huwadanganya wengi. Asubuhi bahari imetulia kama maji ya mtungini, mnafika Misali mkiwa wakavu, na mnasahau kwamba kurudi ni kuelekea mashariki. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo karibu msimu wowote mtarudi kwa joshi, yaani mkiukabili upepo, wimbi likiwapiga omoni, mbele ya chombo, na kwa kawaida upepo huongezeka baada ya adhuhuri. Njia iliyowachukua saa moja kwenda inaweza kuwachukua saa mbili kurudi.

Kwa jumla, kati ya Oktoba na Machi bahari huwa nzuri zaidi, ijapokuwa kaskazi ya Disemba na Januari ina siku zake za ukali. Masika yaepuke. Wakati wa kusi bahari ni nzito, lakini ndio wakati wa nyangumi wenye nundu, ambao hupita katika maji yetu kati ya Julai na Oktoba. Anayewataka hao avumilie kusubiri siku ya shwari, hata ikibidi kusubiri wiki nzima.

Hatua ya 3: Kagua chombo na nahodha kabla ya kulipa

Nenda bandarini siku moja kabla, ukione chombo kwa macho yako. Usikodi kwa simu chombo ambacho hujakiona. Muulize nahodha, kwa adabu na bila haraka, maswali haya: chombo kimesajiliwa na kuruhusiwa kubeba watu wangapi, mashine ina nguvu gani na ilifanyiwa matengenezo lini, kuna plagi ya akiba, kamba ya akiba, nanga, makasia mawili, pondo na upo wa kufulia maji? Nahodha anayeijua kazi yake hachukizwi na maswali hayo, bali hukuonyesha vitu vyenyewe kimoja kimoja.

Petroli ihesabiwe kwa mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la tatu lisiloguswa. Umuhimu wa fungu hilo la tatu utauelewa ukikumbuka kwamba mkondo wa bahari katika maji haya unaelekea kaskazini mwaka mzima, na ukingo wa magharibi wa Misali unatelemka kwenye kina kikubwa ambapo nanga haifiki chini. Boti iliyozimikiwa na mashine upande huo haikai ikakusubiri.

Idadi ya watu iwe ile iliyoandikwa. Sisi watu wa visiwa hivi, ambao Septemba 2011 tuliwazika ndugu zetu wa MV Spice Islander, meli iliyozama ikielekea Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Hata hivyo bado nawaona watu wakisema, "Mmoja tu zaidi, ni mtoto." Mtoto naye ni mtu katika hesabu ya chombo.

Hatua ya 4: Ruhusa na taarifa

Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa watu wa hifadhi wenyewe. Ulizia kiwango mapema na udai stakabadhi. Ukitaka kulala kisiwani au kufika usiku kuangalia kasa, omba ruhusa siku kadhaa kabla. Kisha mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye jina la chombo, idadi ya watu, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na mkubaliane kwamba ikipita saa fulani bila habari yenu atawaarifu KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo). Wavuvi wengi hawatoki asubuhi ya Ijumaa, kwa hiyo ukienda siku hiyo jua kwamba baharini hutakuwa na jirani wa kukuvuta.

Hatua ya 5: Panda na uketi vizuri

Vaa jaketi ukiwa bado nchi kavu. Mizigo mizito iwekwe chini katikati, watoto wakae katikati, na anayejijua kuwa hulewa bahari akae karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ambako chombo hakirukiruki sana. Dawa ya kutapika inywewe saa moja kabla, si baada ya kichwa kuanza kuzunguka. Tumbo lisiwe tupu wala lisijazwe: chai ya tangawizi na kipande cha mkate vinatosha. Usisimame chombo kikiwa kinakwenda, hata pomboo akitokea. Wote mkikimbilia upande mmoja kumpiga picha, boti ndogo hupinduka.

Hatua ya 6: Njiani, tazama ndege kwanza

Anayeanza huangalia maji tu na haoni kitu. Angalia juu. Membe wakizunguka na kujitupa majini mahali pamoja, chini yao kuna vidagaa, na chini ya vidagaa mara nyingi kuna jodari au pomboo. Mwombe nahodha apunguze mwendo mapema, asogee kwa ubavu akienda sambamba nao, na abaki umbali wa mita 50 hivi. Kwa nyangumi iwe mita 100 au zaidi. Kosa la kawaida ni kuwakatia njia kwa mbele ili picha ipatikane. Pomboo anayekatiwa njia huzama na kutokea mbali, na mwenye mtoto hutenganishwa naye. Ukisimamisha mashine ukakaa kimya, mara nyingi huja wenyewe kukuchungulia, na kwa furaha ya jambo hilo nakuomba uvumilie dakika kumi za kimya. Wakishakuja, msikae nao zaidi ya nusu saa, na asiruke mtu majini.

Hatua ya 7: Kushuka Misali

Shukia penye mchanga, pale nahodha na walinzi watakapokuonyesha. Nanga itupwe juu ya mchanga, kamwe isitupwe juu ya matumbawe, na mashine ifungwe na kunyanyuliwa kabla ya mtu wa kwanza kukanyaga maji. Ukitembea majini, buruza miguu badala ya kuinua. Taa aliyejifukia mchangani husikia mtikisiko na kuondoka, lakini akikanyagwa huchoma kwa mwiba wa mkiani.

Hatua ya 8: Kwenye msitu wa kisiwa

Fuata vijia vilivyopo. Tumbili wataonekana, na usiwape chakula. Kaa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu duniani, hutoka zaidi usiku. Mchana mtafute kwenye mashimo ya mawe kwa macho tu, kwani gando lake linaloweza kupasua nazi halishindwi na kidole. Mikokoni, maji yakiwa yamekupwa, utawaona yangeyange wakiwinda.

Wengine huniuliza juu ya ndege wanne wasiopatikana popote duniani isipokuwa Pemba, yaani ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Kwa hao nenda msitu wa Ngezi, na kwa popo wa Pemba nenda Kidike. Ni safari za nchi kavu na hazihitaji boti.

Hatua ya 9: Kuzamia na miwani

Ingia majini wawili wawili, mmoja wenu akiwa anajua kuogelea vizuri, na mtu wa tatu abaki juu akiwatazama. Asiyejua kuogelea asizuiwe kuona: avae jaketi, ashike boya lililofungwa kamba, na alaze uso majini mahali penye kina cha kiunoni. Upande wa magharibi, ambako uvuvi umekatazwa, samaki ni wengi hata kwa mtu asiyezama. Usisimame juu ya matumbawe. Pumzika kwa kuelea chali.

Hatua ya 10: Kasa

Misali ni mahali pa mazalia ya kasa na ng'amba, na kwa hiyo sehemu hii naomba isomwe pole pole.

Mchana unaweza kukutana nao majini wakila. Mwache apite, usimfuate kwa nyuma wala usimzuie kwenda juu, kwa kuwa anahitaji kuvuta pumzi. Usiku, ikiwa umepewa ruhusa na unaye mlinzi, zimeni taa zote na simu zote. Kasa anayepanda ufukweni akiona mwanga hugeuka akarudi baharini na mayai yake. Mkae chini, mbali, nyuma yake, mpaka mlinzi aseme ameanza kutaga. Kabla ya hapo hata mtu mmoja anayetembea ufukweni anatosha kumrudisha. Usimguse, usimkalie, usipige picha kwa mwanga. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, na ukikuta vitoto vinaelekea majini, vifungulie njia lakini usivibebe, na usiwashe tochi, kwa sababu huufuata mwanga na kupotea njia.

Ukialikwa kula nyama ya kasa mahali popote, kataa na uwazuie wengine. Mbali na kuwa sheria inakataza, nyama hiyo wakati mwingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, na hakuna anayeweza kuijua kwa kuitazama wala kuinusa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza hapa hapa Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja baada ya kuila, na wengine wengi wakalazwa. Mwambie kila mtu unayemjua.

Hatua ya 11: Kurudi

Hesabu watu kabla ya kung'oa nanga, kwa majina. Chukua takataka zote, hata maganda ya machungwa. Ondoka kwa saa mliyopanga asubuhi, na siyo kwa saa ambayo watu wameridhika.

Mambo yakienda kombo

*Mashine imezima.* Tupa nanga kwanza ikiwa inafika chini, halafu ndipo ufungue mashine. Angalia kama bomba la petroli limebanwa au limechomoka, kisha badilisha plagi. Ikishindikana, shikeni makasia mkielekea kwenye maji madogo, na mpige simu kungali mchana. Usiruhusu mtu kuogelea kutafuta msaada.

*Maji yanaingia chomboni.* Mtu mmoja afue maji ngamani, chini ndani ya chombo, bila kukoma, mwendo upunguzwe, mizigo isogezwe mbali na mahali panapovuja, na nahodha ageuze omo lilikabili wimbi. Nguo iliyokunjwa ikasindiliwa kwenye ufa huwafikisha nchi kavu mara nyingi.

*Mmepwelewa.* Ikiwa maji yanakupwa, dakika tano za kwanza ndizo zenye faida: watu wazima washuke, wasukume kurudi walikotoka, si kwenda mbele. Ikishindikana, acheni; egemezeni chombo kisilale ubavu, tafuteni kivuli kwa tanga au kanga, na mgawane maji ya kunywa kwa kipimo.

*Mtu ameumwa na konyeza.* Osha kwa maji ya bahari au siki, usisugue wala usitumie maji baridi ya kunywa.

*Mtu amechomwa na taa au na mwiba wa samaki.* Tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, kwa nusu saa au zaidi, ukiyajaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe usije ukamuunguza, halafu apelekwe hospitali. Wavuvi wa dago huwa na moto na sufuria, waombe.

*Mtu amekatwa na matumbawe.* Osha kwa maji safi na sabuni hadi chembe zote zitoke, hata kama jeraha ni dogo, kwani majeraha hayo huoza haraka.

*Hamkuona kasa wala pomboo.* Usimsukume nahodha aende mbali zaidi kuwatafuta, kwa kuwa hapo ndipo lile fungu la tatu la petroli linapoanza kuliwa. Rudini kwa saa yenu, na mpange safari nyingine mwezi ujao, katika siku zile zile za mwezi.